Kuzunguka Berlin bila gari: ununue tiketi ipi, na upande nini?

Kiangazi kikikaribia, simu yangu hujaa ujumbe wa ndugu na marafiki wanaokuja Berlin. Mmoja anakuja kwa mkutano wa siku tatu, mwingine anakuja kumwona mtoto anayesoma, mwingine anahamia kabisa. Swali lao ni lile lile: nikifika nipande nini? Nami huwauliza kwanza: utalala wapi, na utakaa siku ngapi?

Nauliza hivyo kwa sababu Berlin hulipii chombo. Unalipia muda na eneo. Tiketi uliyoingia nayo kwenye treni ya chini ya ardhi ndiyo hiyo hiyo utakayopandia basi, tramu, treni ya juu na hata kivuko cha ziwani. Kwa hiyo una mambo mawili ya kuchagua, na wageni wengi huyachanganya. Tiketi inagusa mfuko wako. Chombo kinagusa magoti yako na muda wako. Ukikosea chombo utachelewa dakika ishirini. Ukikosea tiketi unaweza kulipa faini ya euro 60. Ndiyo maana naanza na tiketi.

Kanda A, B na C

Mji una kanda tatu. A ni katikati, ndani ya duara la reli linaloitwa Ringbahn. B inaanzia hapo hadi mpaka wa mji. C ni nje ya mpaka, katika jimbo la Brandenburg, na humo mna Potsdam na uwanja wa ndege wa BER. Tiketi ya kawaida ya mkaazi wa Berlin ni AB, na kwa mizunguko ya mjini inatosha kabisa.

Kosa la kwanza la mgeni hutokea siku ya kuwasili au ya kuondoka. Uwanja wa BER, uliofunguliwa tarehe 31 Oktoba 2020, uko Schönefeld, yaani kanda C. Kwa bei za mwaka 2025, tiketi ya safari moja ya AB ilikuwa euro 3.80 na ya ABC euro 4.70. Tofauti ilikuwa senti 90. Ukipanda S9, treni ya mjini inayokwenda uwanjani, Grünbergallee ndicho kituo cha mwisho cha kanda B, na kinachofuata tayari ni C. Ukikaguliwa hapo na tiketi ya AB, huna tiketi. Kama tayari una tiketi ya siku au ya wiki ya AB, huna haja ya kununua ABC nzima: nunua Anschlussfahrausweis, tiketi ndogo ya nyongeza inayokuvusha hadi C.

Na ukiwa uwanjani, usiogope treni inayoitwa FEX (Flughafen-Express) kwa kudhani kuwa jina la "Express" lina nauli yake. Halina. FEX, treni za mkoa na S9 zote zinapokea tiketi ile ile ya ABC. Treni ya mkoa inakufikisha kituo kikuu, Hauptbahnhof, kwa karibu nusu saa. S9 inasimama vituo vingi, lakini kama mwenyeji wako anakaa upande wa mashariki wa mji, huenda ikakushusha karibu na mlango wake bila kubadilisha. Mwenye mabegi mawili makubwa namshauri S9 hata kama inachelewa kidogo, maana kila unapobadilisha treni kuna ngazi.

Safari moja, siku moja, wiki moja au mwezi

Tiketi ya safari moja inadumu dakika 120. Ndani ya muda huo unabadilisha treni, basi na tramu upendavyo, na unaruhusiwa kushuka njiani, ukafanya jambo lako, kisha ukapanda tena. Sharti ni kwamba uwe unasonga mbele. Kurudi ulikotoka hairuhusiwi, hata kama dakika zimebaki.

Hilo ndilo lililompata binamu yangu. Alitoka Hermannplatz hadi Zoologischer Garten kuchukua mzigo wake, akamaliza mapema, akapanda treni ya kurudi na tiketi ile ile. Milango ilipofungwa, vijana wawili waliovaa jaketi za kawaida wakatoa vitambulisho na kuanza kukagua. Mmoja akaishika tiketi yake, akaweka kidole kwenye muhuri uliochapwa saa na mahali, akaitazama, kisha akaigeukia ramani iliyo juu ya mlango. Akasogeza kidole kutoka Hermannplatz kwenda Zoo, halafu akakirudisha. Hakusema maneno mengi. Binamu alikuwa amehesabu dakika vizuri kabisa, ila hakuwa ameambiwa habari ya uelekeo, na aliyepaswa kumwambia ni mimi. Tangu siku hiyo kila mgeni wangu namweleza jambo hili kabla hajavua viatu.

Ipo pia tiketi fupi, Kurzstrecke, iliyokuwa euro 2.60 mwaka 2025: vituo vitatu vya treni, au vituo sita vya basi au tramu bila kubadilisha. Ni nzuri kwa mkaazi anayejua vituo vyake kwa kichwa. Mgeni aiache kwanza, maana ukipitiliza kituo kimoja kwa kusinzia umeshakuwa msafiri asiye na tiketi.

Ambayo watu wengi hawaijui ni 4-Fahrten-Karte, safari nne zinazouzwa pamoja kwa bei nafuu kuliko kununua moja moja. Inamfaa anayetoka mara moja kwa siku, na inawafaa watu wanne wanaokwenda arusini pamoja: kila mtu anagonga muhuri wake, basi.

Sasa tiketi ya saa 24. Kwa AB ilikuwa euro 10.60 mwaka 2025. Safari tatu za kawaida kwa bei ile zilikuwa euro 11.40, kwa hiyo ukijua utapanda mara tatu au zaidi, nunua hii bila kusita. Januari 2026 tiketi ya safari moja ilipanda hadi euro 4, na jawabu halikubadilika: safari ya tatu ndiyo inayoamua. Uzuri wake mwingine ni kwamba saa zake zinaanza unapogonga muhuri. Ukigonga saa nane mchana, unazunguka hadi usiku, unalala, na kesho asubuhi bado unayo hadi saa nane. Mtu mzima mwenye tiketi hii anaruhusiwa pia kubeba watoto hadi watatu wa umri wa miaka 6 hadi 14. Walio chini ya miaka 6 hawalipi popote. Mama mwenye watoto watatu wa shule ya msingi, kwa siku moja ya kutembea, hatapata tiketi bora kuliko hii.

Tiketi ya siku saba ya AB ilikuwa takriban euro 45 mwaka 2025. Iweke kando ya tiketi ya saa 24 na hesabu inajieleza: nne za saa 24 zilikuwa euro 42.40, kwa hiyo anayezunguka kutwa kwa siku tano au zaidi achukue ya wiki. Lakini kwa maoni yangu tiketi ya wiki sasa imepata mpinzani mkubwa, na hapo ndipo penye mambo.

Deutschlandticket ilianza Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi. Januari 2025 ikawa euro 58, na Januari 2026 ikafika euro 63. Inakupandisha usafiri wote wa mijini nchini Ujerumani pamoja na treni zote za mkoa. Kwa safari za Berlin peke yake, ukigawanya 63 kwa 4, safari ya 16 tayari imekurudishia pesa yako. Mtu anayetoka asubuhi na kurudi jioni anafika hapo siku ya nane. Na juu ya hayo anaweza kwenda Leipzig, Dresden au Hamburg kwa treni za polepole bila kulipa zaidi. Treni za kasi za ICE, IC na EC hazimo. ICE ya Leipzig inakwenda saa moja na robo. Kwa treni za mkoa utatumia zaidi ya saa mbili, tena kwa kubadilisha njiani. Kama una muda na umefungasha chapati zako, safari ni nzuri na mashamba ya alizeti unayaona vizuri.

Mtego wake uko kwenye kalenda. Mwezi wake unaanza tarehe 1 na kuisha mwisho wa mwezi. Hauanzi siku unayofika. Pia ni mkataba unaojirudia wenyewe. Kwa wauzaji wengi, ukitaka kuusitisha mwisho wa mwezi huu, lazima utoe taarifa hadi tarehe 10 ya mwezi huu. Fikiria mgeni anayetua tarehe 20 Julai. Akiichukua siku hiyo, tarehe 10 Julai imeshapita, kwa hiyo Agosti nayo atailipia, hata kama anaondoka tarehe 2. Mgeni wa namna hiyo ninampeleka kwenye tiketi ya siku saba, mara mbili, hata kama watu wengine watamwambia Deutschlandticket ni rahisi. Anayetua tarehe 2 na kukaa wiki tatu, huyo aichukue na asitishe mkataba siku ile ile aliyonunua, kabla hajasahau.

Tiketi hii ina jina lako. Huwezi kumwazima mkeo wala rafiki, na mkaguzi akitaka kitambulisho umwonyeshe. Haibebi watoto wa miaka 6 na kuendelea, na baiskeli inahitaji tiketi yake. Wanafunzi wa vyuo vikuu vingi wanapata ya kwao kwa asilimia 60 ya bei, tena hulipwa pamoja na ada ya muhula, kwa hiyo mwanafunzi asinunue chochote kabla hajauliza chuoni. Wanaopokea misaada ya kijamii, wakiwemo ndugu wengi waliokuja kama wakimbizi, wana Berlin-Ticket S ya bei ya chini. Nayo inataka hati ya uthibitisho, kwa hiyo ifuatilie mapema. Na watoto wa shule wakaazi wa Berlin wanasafiri bure AB tangu Agosti 2019.

Kadi za watalii kama WelcomeCard zinauza usafiri pamoja na punguzo la kuingia makumbusho na vivutio. Piga hesabu ya vivutio utakavyoingia kweli. Kama ni vitatu au vinne, sawa. Kama umekuja kuwaona watu wako na kula nao, chukua tiketi ya kawaida.

Jambo moja la mwisho kuhusu tiketi. Vituoni hakuna mageti. Unaingia kama unavyoingia sokoni, na hiyo inawadanganya watu. Tiketi ya karatasi lazima uigonge muhuri kwenye kisanduku kilichoko jukwaani kabla ya kupanda treni, au ndani ya basi na tramu mara tu unapoingia. Iliyonunuliwa kwenye programu ya simu inunue kabla milango haijafunguka. Dereva wa basi hapokei tena pesa taslimu. Na chaji ya simu ikiisha mkononi mwa mkaguzi, kwake ni sawa na kutokuwa na tiketi, kwa hiyo tembea na betri ya akiba.

Kutoka Lucy-Lameck-Straße hadi Maji-Maji-Allee

Vyombo vyenyewe nitavilinganisha kwa safari moja ninayoipenda, ambayo kila mgeni wangu wa Kiswahili ninampeleka.

Hatua chache kutoka Hermannplatz, mtaa wa Neukölln, kuna barabara iliyokuwa ikiitwa Wissmannstraße, kwa jina la Hermann von Wissmann, afisa aliyeongoza vita vya Wajerumani dhidi ya Bushiri bin Salim pwani yetu. Bushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Aprili 2021 barabara hiyo ilipewa jina la Lucy Lameck, mwanasiasa wa Tanganyika na Tanzania aliyepigania uhuru na kushika nafasi serikalini. Upande wa pili wa mji, kaskazini-magharibi, mtaa wa Wedding, kuna eneo linaloitwa Afrikanisches Viertel. Humo kuna Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße, Ugandastraße na Kongostraße. Na Petersallee, barabara iliyobeba jina la Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani, ilibadilishwa tarehe 23 Agosti 2024: sehemu yake moja sasa ni Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mwanamke wa Namibia aliyeuawa Windhoek mwaka 1959, na nyingine ni Maji-Maji-Allee.

Kutoka kwa Lucy Lameck hadi Maji Maji kuna njia nne za maana. Zote ni tiketi moja ya AB.

Ya haraka ni U-Bahn, treni ya chini ya ardhi. Unapanda U7 Hermannplatz, vituo vitatu hadi Mehringdamm, unabadilisha hadi U6 ya kuelekea Alt-Tegel, vituo kumi na vinne, unashuka Afrikanische Straße. Ni dakika thelathini na kitu. U-Bahn haijui foleni wala theluji, na mchana treni hufuatana kwa dakika chache tu. Ukiwa na miadi, kama ya ofisi ya wageni au ya daktari, panda U-Bahn. Ubaya wake ni kwamba mji huuoni kabisa. Unaona vigae vya vituo na nyuso za watu wanaotazama simu. Lakini kwenye U6 usisinzie katikati. Kuanzia 1961, ulipojengwa ukuta uliougawa mji, hadi Julai 1990, treni hii ya Berlin Magharibi ilipita chini ya Berlin Mashariki bila kusimama, isipokuwa Friedrichstraße palipokuwa na kituo cha mpakani. Abiria walipita vituo vyenye taa hafifu na walinzi wenye bunduki. Stadtmitte na Oranienburger Tor vilikuwa miongoni mwa vituo hivyo.

Stadtmitte ninawashusha wageni kwa makusudi. Ukitembea kidogo hadi Wilhelmstraße 92, kuna kibao cha kumbukumbu ya Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885, ule uliokatiwa ramani ya Afrika. Unasoma, unasimama kimya kidogo, unarudi Stadtmitte na kuendelea na U6 ile ile. Tiketi yako ya dakika 120 bado ni halali, kwa sababu unasonga mbele.

Njia ya pili ni S-Bahn, treni ya mjini inayokwenda zaidi juu ya ardhi. Unapanda U8 hadi Hermannstraße, kisha S42, moja ya treni mbili zinazozunguka duara la Ringbahn. S41 inakwenda kama mshale wa saa na S42 kinyume chake, na duara zima la vituo 27 linachukua saa moja. Kwa S42 unapita Ostkreuz na Gesundbrunnen hadi Wedding, halafu U6 vituo vichache. Jumla ni kama dakika 50. Unapoteza robo saa na zaidi, lakini unapata dirisha: mto Spree pale Treptower Park, nyua za nyuma za majumba, bustani ndogo ndogo ambazo Wajerumani hulima nyanya kando ya reli. S-Bahn ina mabehewa mapana, na kigari cha mtoto kinakaa bila kumgusa mtu. Udhaifu wake ni kazi za matengenezo, hasa mwisho wa wiki, ambapo kipande cha njia hufungwa na mabasi kuletwa mahali pake. Neno la kulijua ni Ersatzverkehr. Ukiliona kwenye ubao, ongeza nusu saa.

Ya tatu ni basi. M41 inatoka Hermannplatz, inapita Urbanstraße hadi Hallesches Tor, na hapo unaingia U6. Inategemea barabara, na barabara ya Sonnenallee inakotokea basi hili hujaa magari karibu muda wote. Kwa anayekimbilia miadi siisifii. Lakini basi lina mambo mawili ambayo treni haina: linainama ukingoni mwa barabara, na halina ngazi za kushuka chini ya ardhi.

Ya nne ni ya tramu. U8 moja kwa moja kutoka Hermannplatz hadi Osloer Straße, kisha tramu M13 au 50 hadi Seestraße, na kutoka hapo U6 kidogo au miguu. Ni kama dakika 45. Tramu ndicho chombo ninachokipenda kuliko vyote Berlin. Sakafu iko chini, kimya, madirisha makubwa, na inapita mahali ambapo watu wanaishi hasa. Kwa bahati mbaya utaikuta zaidi upande wa mashariki. Berlin Magharibi iling'oa reli zake na kufunga tramu ya mwisho mwaka 1967, wakati Mashariki waliziacha. Hii ya Seestraße ni miongoni mwa chache zilizorudishwa upande wa magharibi baada ya mji kuungana. Neukölln hatuna hata moja, na kila nikisimama kituoni kusubiri M41 naona hasara ya uamuzi ule wa miaka ya sitini.

Kwa hiyo mimi naamua hivi: mwenye haraka U7 na U6, mwenye mtoto kwenye kigari S42, anayetaka kuujua mji aende kwa tramu na arudi kwa chombo kingine. Kurudi, kumbuka, ni tiketi ya pili, na ukiongeza safari moja tu ya jioni umeshafika kwenye tiketi ya saa 24.

Wazee, vigari vya watoto na usiku

Mama mkubwa alikuja kutoka Tanga na magoti yake yanayouma. Siku ya kwanza nilimpeleka U-Bahn kwa sababu ndiyo ya haraka. Tulipofika kituo tulichokusudia lifti ilikuwa na karatasi ya mbovu, na ngazi za umeme za upande ule hazikuwepo. Tulipanda ngazi thelathini na kitu, yeye ameshika mkono wangu kulia na chuma kushoto, tukipumzika kila baada ya tano. Alipofika juu akasema tu, "Mwanangu, kesho tutafute gari la kuona jua."

Siku hizi kabla ya kutoka na mzee ninafungua brokenlifts.org, tovuti inayoonyesha lifti za vituo vya Berlin zinazofanya kazi na zilizoharibika. Kama kuna shaka, tunachukua basi au tramu hata kama ni mbali zaidi. Kwa mzee dakika ishirini za kukaa dirishani si gharama, lakini ngazi thelathini zinamharibia siku nzima. Basi namba 100 kutoka Zoologischer Garten hadi Alexanderplatz ndilo ninalompa kila mzee: ni la ghorofa, linapita mnara wa Siegessäule, bunge la Reichstag na barabara ya Unter den Linden, kwa tiketi ya kawaida. Ndilo basi la kwanza lililounganisha Mashariki na Magharibi baada ya ukuta, mwaka 1990. Mzee akae chini karibu na mlango; vijana wapande juu, kiti cha mbele kabisa.

Usiku ni habari nyingine. Usiku wa kuamkia Jumamosi na Jumapili, U-Bahn na S-Bahn hukesha, zikifuatana kwa nafasi zaidi. Siku za kazi treni hulala kuanzia kama saa saba usiku hadi saa kumi na nusu alfajiri, na mabasi ya usiku yenye herufi N huchukua nafasi. Namba zake zinafuata treni: N7 inashika njia ya U7, N8 ya U8. Tramu na mabasi yenye herufi M hukesha kila siku. Kwa hiyo anayefanya kazi ya zamu, hotelini au hospitalini, akitafuta chumba cha kupanga ningemwambia aangalie kwanza kama kuna M karibu, hata kabla ya kuuliza U-Bahn iko umbali gani.

Kivuko

Nimesema tiketi inapanda hata kivuko, na wageni hudhani natia chumvi. Panda S1 au S7 hadi Wannsee, shuka uelekee majini, dakika chache tu. Hapo inangoja F10 inayovuka ziwa hadi Kladow kwa dakika 20. Ni AB tu, hakuna nyongeza. Zipo meli za watalii kwenye gati hilo hilo zinazouza safari zao kwa bei yake, usichanganye foleni. Tafuta alama ya usafiri wa umma na namba F10.

Kulinganisha na basi la kuzunguka ziwa lile ni kama kulinganisha usiku na mchana. Kivuko huondoka mara moja tu kwa saa, kwa hiyo angalia ratiba kabla ya kutoka nyumbani, na Jumapili ya jua fika mapema maana baiskeli na familia hujaa. Mama mkubwa alikaa nje, mtandio umefungwa vizuri, akiangalia mashua za tanga zikipishana. Aliuliza tumelipa kiasi gani. Nikamwonyesha tiketi yake ya saa 24, ile ile tuliyogonga jana alasiri. Aliigeuza pande zote mbili, akaikunja, akaiweka kwenye pochi pamoja na pasipoti. Saa yake ilikuwa bado haijaisha, tukarudi nayo hadi Hermannplatz.